Mgombea wa Tatu

"Sekyuriti! Wewe, sekyuriti!"

Fanuel aligeuka. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, stesheni ya Rashidiya, Dubai, imefurika watu wa kutoka kazini, na kwenye mlango wa behewa la wanawake alisimama dada mmoja: gauni la zambarau limemkaa sawasawa, raba nyeupe miguuni, viatu virefu kavishika mkononi kama mtu anayetaka kupiga. Alikuwa anamnyooshea kidole mzee mmoja aliyesinzia kwenye kiti.

"This cabin is for ladies. Remove him!"

Fanuel alivaa koti la bluu, redio koli kiunoni, kitambulisho kifuani. Angeweza kusema mimi si mlinzi, akaenda zake. Lakini huyu ni mtu ambaye utani ukipita karibu yake hauendi mbali. Akaingia, akamgusa mzee bega, "Sir, yalla, next cabin," mzee akaamka akaomba radhi, akatoka. Wanawake wakapiga makofi. Mlango ukajifunga. Treni ikaondoka, Fanuel ndani.

"Aki huyu naye si angeshuka," yule dada, Agneta, alijisemea kwa Kiswahili.

"Nishukie wapi, dada, dirishani?"

Agneta alishtuka mpaka kiatu kimoja kikamponyoka. Kabla hajakiokota, stesheni ya pili akapanda mkaguzi wa kweli, mwanamke mwenye sare na kimashine cha faini. Alimtazama Fanuel, akatazama mstari wa pinki sakafuni, akatoa risiti.

"Kumbe wewe si mlinzi wa treni?" Agneta aliuliza waliposhuka, mkono mdomoni.

"Nilisema mimi ni mlinzi?"

"Sasa mbona ulimtoa yule mzee?"

"Uliniamuru. Sauti yako haimpi mtu nafasi ya kufikiri."

Agneta alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Pole jamani. Wewe ni Mbongo, si ndiyo? Unaongea kama redio. Na hiyo redio koli ni ya wapi basi?"

"Nalinda hosteli ya wanafunzi, Sharjah," alijibu Fanuel, uso mkavu.

Huo ulikuwa utani tu. Ukweli ni kwamba Fanuel alikuwa naibu mkuu wa masuala ya wanafunzi kwenye chuo kikuu kimoja huko, ana ofisi, ana katibu, na redio koli alikuwa nayo kwa sababu walikuwa wanapokea wanafunzi wapya uwanja wa ndege. Alipanga kumwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akaona raha: mwanamke anayempenda mlinzi, anamlipia chai, anamwonya asisimame sana juani. Nani angeharibu starehe kama hiyo? Ikapita miezi minne.

Walikuwa wakikutana kwenye kafeteria ya Al Twar, karibu na anapokaa Fanuel. Siku nyingine ilikuwa simu tu, Agneta akiwa Discovery Gardens, ng'ambo ya jiji, kwenye chumba alichochangia na Jalia wa Kampala, ambaye aliziba masikio kwa mto kila simu ilipozidi nusu saa.

"Mlinzi wangu, sasa?"

"Poa, bosi. Umekula?"

"Nimekula mafaili. Aki nimechoka."

Agneta alifanya kazi ofisi ya ajira ya chuo kimoja kidogo cha mtindo wa Kimarekani, pale Academic City. Chuo ambacho mwanafunzi anasoma falsafa asubuhi, kemia mchana, uchoraji jioni, halafu wazazi wanauliza sasa huyu atakuwa nani. Mkuu wa masuala ya wanafunzi alikuwa ameondoka na walikuwa wanatafuta mwingine. Wakala wa London alileta maombi themanini na sita, majina yamefutwa ili kamati isipendelee mtu. Wamebaki watatu. Hata Agneta aliwajua kama Mgombea wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu.

"Na leo madam Muna ametunga swali la usaili. Nikuambie? Lakini ni siri."

"Nitamwambia nani, geti?"

"Haya. Baba wa mwanafunzi amefika chuoni anafoka. Amegundua binti yake ameacha uhandisi anasoma uchoraji. Anataka kumwondoa leo leo. Wewe ndiye mkuu. Unafanyaje? Si unakaa na wanafunzi, niambie."

Fanuel alikuwa anapiga shati pasi. Alijibu bila hata kusimama.

"Simwiti ofisini. Ofisini watu wanakuja kugombana. Ninamtembeza. Nampeleka mpaka chumba cha kuchorea, asimame mlangoni, amwone mwanawe anafanya kazi bila kujua anatazamwa. Dakika kumi. Baada ya hapo ndiyo tunaongea."

Agneta alikaa wima kitandani.

"Fanuel, wewe kulinda geti wanakuonea."

Kesho yake Agneta alimwambia madam Muna, "Kuna mlinzi mmoja wa hosteli alisema hivi." Muna, mama wa Amman mwenye miwani ya kamba, alivua miwani. Kisha akaliandika jibu lile kwenye karatasi ya kusahihishia: atakayemtembeza baba apewe alama zote.

Siku nane baada ya simu ile, Fanuel akiwa ofisini kwake, barua pepe ikaingia. Tangu Agosti alikuwa ameomba kazi kupitia wakala, kwenye "chuo kimoja cha Ghuba" ambacho hawakukitaja jina. Sasa walikitaja. Wamempitisha tatu bora.

Fanuel alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Ni chuo cha Agneta!

Mtu mwingine yeyote angepiga simu dakika ile. Fanuel alifunga mlango akacheza peke yake katikati ya ofisi. "Nitamshtua," alisema. "Atazimia, wallahi." Alishaona mdomo wa Agneta ulivyoachama. Lile swali halikumjia hata kidogo.

Siku ya usaili Agneta alivaa suti nyeusi na skafu ya njano, akasimama mlangoni na beji ya mgeni: Dkt. F. Mwasomola. Halikumwambia kitu jina hilo. Yeye alimjua Fanuel Anyosisye, kwa jina la baba.

Gari likasimama. Akashuka mwanaume mwenye suti ya kijivu, tai ya damu ya mzee, viatu vinang'aa, mikono ameitanua kama anapokelewa na bendi.

"Surprise!"

"Fanuel? Umefuata nini hapa? Toka haraka, nasubiri mgeni."

"Mgeni ndiye mimi, mama. Mgombea wa Tatu."

Agneta alitazama beji. Akamtazama yeye. Mdomo uliachama, kweli, lakini haukuwa mwachamo ule Fanuel aliouota.

"Daktari?" alinong'ona. "Mlinzi gani daktari?"

"Ulikuwa utani tu, nilitaka..."

"Miezi minne ni utani? Nikikununulia soksi za kusimamia geti?" Kisha akaitazama beji tena. "Swali. Fanuel, ulinichimba swali. Ndiyo maana ulinitafuta!"

Tabasamu la Fanuel likaanguka. Ndipo alipokumbuka pasi, shati, dakika kumi mlangoni. "Agneta, naapa sikujua..."

"Doctor! Welcome!" Muna alikuwa ameshafika, mkono mbele. "Yalla, wanakusubiri."

Ndani walikaa watu saba. Agneta kwenye kona, anaandika kumbukumbu za kikao. Tarehe aliikosea mara mbili. Maswali mawili ya kwanza Fanuel aliyajibu vizuri, ingawa aliwatazama wote isipokuwa kona ile. Kisha mwenyekiti akageuza ukurasa.

"Baba wa mwanafunzi amefika chuoni, ana hasira..."

Fanuel aliweka glasi ya maji mezani. Akijibu anavyoamini, anapata alama kwa wizi. Akijibu vingine, anadanganya, na ile karatasi ya Muna ya alama yeye hajui hata kama ipo. Kazi aliyoitamani miaka sita ilikuwa mbele yake, upana wa meza tu.

"Samahani," alisema. "Swali hili nimeshaulizwa. Lifuteni, au mnifute mimi."

Viti vikalia. "Umeulizwa na nani?"

"Hilo sitasema."

"Dakta, hapa ni lazima useme."

"Basi nifuteni mimi."

Kwenye kona kalamu ikalazwa juu ya karatasi. Agneta alikuwa amesimama, na aliyeshangaa zaidi chumba kizima ni yeye mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemwambia. Na lile jibu mliloandika la alama zote ni la kwake."

Mwanafunzi mjumbe wa kamati alifungua mdomo akausahau hivyo hivyo. Muna alivua miwani, akaivaa, akaivua.

"Khalas," alisema. "Kila mtu nje."

Agneta alipewa barua ya onyo. Fanuel alirudi Sharjah. Alipiga simu mara kumi na moja siku ile, kumi na nne kesho yake, kisha akakuta namba yake imefungiwa. Jalia alijaribu.

"Nnyabo, mpokelee hata mara moja. Mtu aliacha kazi ile mbele ya watu saba!"

"Alishtuka kwamba nitamtaja, akawahi. Jalia, mimi nilikuwa ngazi tu. Alinipanda."

"Wewe unalia kila jioni kwa ajili ya ngazi?"

Agneta alimgeuzia mgongo. Wiki tatu zikapita.

Jumatatu asubuhi Muna alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa na barua pepe mbili zilizochapwa.

"Ulisema swali ulimwambia lini?"

"Tarehe kumi na moja, madam."

"Wakala walimtajia jina la chuo tarehe kumi na tisa. Kabla ya hapo hakujua. Tumewauliza mara mbili." Muna akamsogezea karatasi. "Habibti, hakukuibia kitu. Ni mpumbavu tu, anapenda kushtua watu."

Agneta alisoma tarehe. Akasoma tena. Machozi ya wiki tatu, yote hayo, na jibu lilikuwa kwenye faili!

"Sasa kuna hili," Muna aliendelea, akatoa fomu. "Rais wa chuo anamtaka. Anasema mtu aliyejifuta mwenyewe ndiye anayefaa kukaa na wanafunzi wetu. Lakini wewe uko ofisi ya ajira, na sheria iko wazi: mke au mchumba wa kiongozi wa juu hawezi kuwa hapa ndani, wala yeye hawezi kuajiriwa. Tangaza uhusiano wako naye. Weka alama. Ukiweka 'hakuna', leo anasaini mkataba. Ukiweka 'mchumba', tunatangaza nafasi upya."

Kalamu ya Agneta ilisimama juu ya kisanduku cha mwisho. Hakuna. Wiki tatu hawajaongea. Hata huo si uongo.

"Madam, naweza kupiga simu?"

"Weka spika. Ofisi hii nimechoka na siri."

"Good morning, Fanuel Mwasomola speaking."

"Ni mimi."

Kitu kilianguka huko. "Agneta? Mama wewe! Wamekufukuza?"

"Hapana. Niko na madam, spika iko wazi, kwa hivyo usianze."

"What does he say?" Muna aliuliza.

"He says good morning, madam." Kisha akamweleza Fanuel yote, haraka haraka: tarehe, rais, fomu, visanduku. "Sasa mimi sijui wewe ni nani kwangu. Niambie. Nijaze nini?"

"Andika mchumba."

Agneta aliruka kitini. "Umenisikia lakini? Ukisema hivyo kazi imekwenda!"

"Nimesikia. Andika kwa wino, wasije wakafuta."

"Fanuel, ukinitania leo nakufa."

"Natetemeka, utani nitautoa wapi? Wiki tatu nakaa Al Twar peke yangu mpaka yule jamaa wa kafeteria ananipa chapati za bure kwa huruma. Vyuo viko vingi. Nilikuwa natafuta siku nzuri, sasa umeniwahi na fomu. Agneta, nioe... yaani, nikuoe. Jamani!"

"Daktari mzima hujui nani anamwoa nani?"

"What does he say?"

"He says, madam... he says..." Agneta alikuwa analia na kucheka pamoja, skafu usoni.

Muna, aliyekaa Dubai miaka ishirini na miwili, hakuhitaji mkalimani. Alimsukumia fomu karibu. "Write it, habibti."

Agneta aliweka alama, akaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Muna aliivuta, akapiga muhuri.

"Mabrouk. Sasa fungua kompyuta. Tangazo lile lile, tarehe mpya."

"Haloo?" spika ilipiga kelele. "Haloo! Ameandika nini? Mtu aniambie basi, jamani!"

Agneta alifuta macho, akavuta kibodi.

"Nimeandika ulivyosema. Sasa kata simu, mume wangu, kuna mkuu wa wanafunzi natakiwa nimtafute."