Kimezashindo

Vishushi arobaini vilikuwa kazini katika Ghala la Mnara, Tabora, na ukivitazama kwa mara ya kwanza unasahau hata kufumba mdomo. Kila kishushi, mashine ndefu ya chuma isiyo na dereva, huteremsha kreti la asali lenye uzito wa ng'ombe wawili kutoka ghorofa ya kumi na sita na kulisimamisha hewani, usawa wa kifua, juu kidogo ya meza ya chuma. Hapo mpokezi anaingiza mikono chini ya kreti na kuchomoa komeo. Tak! Kreti limesimama. Ingia, chomoa, toka. Siku nzima ni hivyo hivyo.

Wageni walikuwa wakipiga picha. Injinia Nyamizi Kasubi hakuwa na habari nao. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala Jumapili nzima, Jumatatu unaamka nao. Kwenye meza yake ripoti ya ajali ilingoja saini kabla ya saa sita mchana. Iliandikwa na Karani, akili bandia iliyolinda ghala na kuandika kila kinachotokea humo. Ilisema kwamba Kalunde Masele, mpokezi wa kishushi namba saba, "aliingia mapema", kreti likamsaga vidole vitatu. Kwa sheria ya ghala, aliyeingia mapema ana kosa, na mwenye kosa hana kazi wala hapewi vidole vya bandia.

"Tia saini tu, injinia," Karani alisema kwa upole kutoka ukutani. "Kamera imeonyesha wazi. Aliingia kreti likiwa bado linashuka."

Na angetia, tusidanganyane. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kioo cha saini mlango ulipofunguka, akaingia Kalunde mwenyewe, bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mama injinia."

"Marahaba. Pole sana, Kalunde. Keti."

"Siketi. Nimefuata ndala zangu na khanga. Ila kabla sijaondoka, niambie ukinitazama machoni. Nilikosea wapi?"

"Kamera inasema uliingia mapema."

"Niliingia kwenye tak!" Sauti ilimpasuka. "Miaka tisa naingia kwenye tak. Sisi hatutazami kreti, mama. Ukikaa kulitazama unachelewa, na wenzako wanakutukana mpaka jioni. Tunasikiliza. Swichi ikisema tak, unaingia. Hata ningekuwa kipofu ningeifanya kazi hii."

Nyamizi aliondoa kidole kwenye kioo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wapokezi hufanya kazi kwa masikio. Naye hakuwahi kuuliza.

"Twende namba saba," alisema.

Sasa, kishushi chote ni breki. Ndani yake mna springi kali inayotaka kubana wakati wote, na koili kubwa ya sumaku inayoizuia. Umeme ukipita kwenye koili, breki iko wazi na kreti linashuka. Swichi ikikata umeme, springi inabana. Lakini koili ni kaidi jamani! Ukiikatia umeme ghafla inakataa, na kwa hasira yake inatema volteji mara hamsini ya ile uliyoipa. Shindo hilo ndilo lililokuwa likiunguza swichi za ghala, leo mbili, kesho nne, na kwa kila iliyoungua Nyamizi aliitwa. Miaka mitatu alikula amesimama. Mwishowe akabuni kimezashindo, kidude cha ukubwa wa kiberiti, kinachofungwa kwenye koili na kuupa umeme njia ya kuzunguka humo humo mpaka uishe wenyewe. Siku hiyo hiyo swichi ziliacha kuungua. Alipigiwa makofi, akaenda nyumbani akalala. Loh, alilala!

Walipofika namba saba, Nyamizi alining'iniza kreti tupu, akafunga nyaya za kipimamawimbi, chombo kinachouchora umeme kwa mstari kwenye kioo. Tak. Mstari wa volteji ulitulia, hakuna hata kinundu. Ni mstari huo aliowaonyesha wakubwa wakati ule. Kisha akahamisha waya mmoja ili apime mkondo wa umeme ndani ya koili yenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukipima, maana swichi zilikuwa zimepona na yeye alitaka kulala.

Tak. Mstari haukuanguka. Uliteremka taratibu kwa theluthi nzima ya sekunde, na muda wote huo breki ilikuwa wazi, kreti likashuka zaidi kwa upana wa kiganja. Nyamizi akarudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile.

"Umeona nini?" Kalunde aliuliza.

"Umeme unaozunguka humu unaendelea kuishikilia breki. Swichi imeshasema tak, breki bado haijui, na anayeingia upesi kuliko wote ndiye anayesagwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hukukosea, mdogo wangu. Nimekosea mimi. Nilitakiwa kufunga rezista na kapasita, niliache shindo lipande kidogo, kiasi ambacho swichi inaweza kuvumilia, ndipo umeme uishe upesi. Nililimeza lote kwa sababu nilichoka kuitwa."

Kalunde aliketi sakafuni, palepale kwenye vumbi. "Mume wangu wiki nzima ananiita mzembe," alisema. "Na mimi nikamwamini."

"Karani, simamisha vishushi vyote."

"Wageni bado wapo, injinia. Sababu?"

"Kosa la usanifu. Andika jina langu."

Vishushi vilisimama kimoja baada ya kingine. Wapokezi wakageuka kutazama, mikono ikiwa viunoni.

Nyamizi alikuwa na swali moja, na aliliogopa. "Tangu tufunge kimezashindo, walioandikwa kwamba waliingia mapema ni wangapi?"

"Saba, pamoja na Kalunde."

"Ripoti za wale sita alitia saini nani?"

"Wewe, injinia. Zote. Kwa wastani wa sekunde nne kila moja."

Hakukumbuka hata moja. Alijaribu kukumbuka walau sura ya mtu mmoja, asiipate.

"Nisomee majina."

"Ndisha Maganga," Karani alianza.

"Huyo ni jirani yangu kule Ipuli," Kalunde alisema bila kuinua kichwa. "Mikono yote miwili. Binti yake ndiye anayemlisha."

Nyamizi aliketi vumbini kando yake.

"Endelea," alimwambia Karani.