Gari Lililopakwa Rangi

Mnadani, Ngusa alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Watu wa kijiji cha Didia hawakununua ng'ombe bila kumwita. Alimfungua ng'ombe mdomo, akatazama meno. Alimtembeza, akasimama pembeni kutazama miguu. Kisha aliuliza ng'ombe huyo anatoka boma la nani, na kwa nini anauzwa. Muuzaji akianza kujikanyaga, Ngusa aliaga akaondoka zake. Hakuna aliyewahi kumuuzia ng'ombe mgonjwa.

Kwenye gari, mtu huyu huyu aliingizwa mjini mchana kweupe.

Ngusa aliishi na mke wake, Limi, na binti yao mdogo, Hosiana. Nyumba ya pili ilikuwa ya mdogo wake, Edson, mkewe, Lusia, na watoto wao. Ndugu hawa walikuwa na maksai wawili wa pamoja. Waliachiwa na marehemu baba yao, mzee Maganga. Mvua zikianza, maksai walivuta plau katika shamba la Ngusa, kisha katika shamba la Edson. Mpunga wao ulilisha nyumba zote mbili.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mpunga ulikauka ukiwa haujachanua. Jioni moja Ngusa alimwita mdogo wake.

"Edson, tuuze maksai tununue gari," alisema. "Tutabeba abiria na mizigo kwenda Kahama. Mvua zikirudi, hela ya gari itakodi trekta."

Edson hakulipenda wazo hilo. "Kaka, maksai tunawajua. Gari tunalijua?"

"Gari ni chuma. Chuma hakiugui."

Limi alikuwa karibu, anapepeta karanga. "Kama chuma hakiugui, gereji za Kahama zinatibu nini?" aliuliza.

Ngusa alijifanya hajasikia.

Edson aliona vibaya kubishana na kaka yake mara ya pili. Akakubali. Lakini siku maksai walipochukuliwa, alijifungia ndani. Hakutaka kuwaona wakiondoka.

Kununua ng'ombe, Ngusa hakwenda peke yake hata siku moja. Kununua gari, alikwenda Geita peke yake. Alitaka kuwashtukiza watu wa nyumbani. Udereva aliujua. Ujanani alikuwa utingo wa lori la pamba, na dereva wake alimfundisha mpaka akapata leseni.

Dalali mmoja alimpeleka kwenye uwanja wa nyumba. Pale palikuwa na gari jeupe linalong'aa. Ndani lilinukia manukato. Redio yake ilisikika mpaka barabarani. Injini ilikuwa tayari inaunguruma.

"Mzee, hii ni bahati yako," dalali alisema. "Gari la mama mmoja wa kanisani. Linakwenda ibadani na kurudi, basi. Nimetoka kuliosha sasa hivi."

Maswali yalimjaa Ngusa mdomoni. Kwa nini linauzwa? Limefanya kazi gani? Lakini vijana wa mjini walikuwa wamekaa pale, wanatazama viatu vyake vya matairi. Ngusa aliogopa kuonekana mshamba. Mtu asiyemwogopa muuzaji yeyote mnadani aliona haya kuinama na kutazama chini ya gari. Alilizungusha uwanjani mara moja tu.

"Kuna mteja mwingine yuko njiani," dalali alisema.

Ngusa akalipa. Alilipa fedha yote ya maksai, bila kubakiza hata ya oili.

Didia walimpokea kwa vigelegele. Hosiana alikalia kiti cha mbele siku nzima, akakataa kushuka. Hata Edson alitabasamu kidogo.

Furaha ile haikukaa. Kwanza gari lilianza kutoa moshi wa bluu. Kisha likawa linataka oili kila safari. Abiria walishushwa njiani, wakakaa juani na mizigo yao, wakamtukana Ngusa. Mafundi wa barabarani walifunga hiki kwa waya, wakaziba kile kwa gundi. Mwisho likazima kabisa kwenye njia ya Kahama. Likavutwa kwa kamba hadi gereji ya Fundi Agnetha.

Agnetha alikuwa mama wa makamo, mwenye gereji yake pembeni ya mji. Alilizunguka gari akiligonga kwa vidole. Karibu na tairi la nyuma, mlio ulibadilika.

"Hapa liligongwa," alisema. "Wameziba, kisha wakapaka rangi juu."

Akafungua nyuma, akafunua zulia. Sakafu ilikuwa imebonyea. Kwenye kona palikuwa na vumbi na vipande vya mawe.

"Baba, hili gari limebeba mawe ya dhahabu kutoka machimboni kwenda kusagwa. Springi zimelala. Injini imechoka."

"Dalali alisema ni la mama wa kanisani."

"Basi huyo mama alikuwa anakwenda ibadani na viroba vya mawe," Agnetha alisema. "Ulipofika, injini ilikuwa ya baridi au ya moto?"

"Nilikuta inaunguruma."

"Wanaiwasha mapema makusudi. Injini mbovu ikiwa ya baridi inasumbua kuwaka. Inagonga, inatoa moshi. Ikishapata moto, inatulia na kukudanganya. Gari litazame asubuhi, kabla halijawashwa. Ulikwenda na fundi wako?"

"Hapana."

"Uliliendesha kwenye barabara mbaya? Ulishika breki kwa nguvu uone kama linavuta upande?"

"Hapana."

"Kadi ya gari ina jina la aliyekuuzia?"

"Ina jina la mtu nisiyemjua. Aliniambia nitabadilisha baadaye."

Agnetha aliweka spana chini. "Wewe ni mfugaji. Ng'ombe unamnunua hivyo?"

Ngusa alikaa juu ya tairi kuukuu. Alijisikia mdogo kama mtoto. "Ng'ombe simlipii mpaka nimjue," alisema. "Lakini pale niliona aibu. Niliogopa vijana watanicheka."

Agnetha hakumcheka. "Aibu hiyo inawaumiza wengi. Nawapokea hapa kila wiki."

"Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka, ila gari la namna hii ni adimu huku. Vipuri vyake mpaka viagizwe Dar es Salaam. Injini nyingine itakugharimu karibu bei uliyonunulia gari zima. Bado springi, bado breki. Usitazame bei ya kununua peke yake. Jiulize linakunywa mafuta kiasi gani, vipuri vinapatikana wapi, na nani anaweza kulitengeneza. La bei rahisi linaweza kukula kuliko la bei kubwa."

Ngusa alimpigia simu yule dalali. Dalali hata hakuomba radhi.

"Usihangaike, mzee," alisema. "Weka oili nzito, moshi utakatika kwa muda. Piga rangi. Halafu tafuta mteja wa kijijini."

Mteja wa kijijini. Ngusa alielewa kwamba siku ile Geita, naye aliitwa hivyo hivyo. Akakata simu. Gari akaliuza vipande vipande pale gereji. Kila aliyenunua kipande aliambiwa ukweli wa kipande chake. Fedha iliyopatikana haikutosha hata kununua maksai mmoja.

Kisha mvua zikarudi. Zilikuwa mvua nzuri, za kulimia. Majirani walitoka alfajiri na maksai wao. Waliahidi kuwasaidia akina Ngusa wakishamaliza mashamba yao, lakini mpunga haungoji. Ngusa, Edson, Limi na Lusia walishika majembe ya mkono. Walilima mpaka viganja vikachubuka. Sehemu kubwa ya mashamba ikabaki majani.

Edson alikuja kumuaga kaka yake. "Nakwenda Geita, machimboni," alisema. "Kaka, sina ugomvi na wewe. Lakini watoto wangu wanataka kula."

"Nisamehe, Edson."

"Nimesema sina ugomvi."

Lakini hakumtazama usoni. Ngusa alisimama mlangoni mpaka mdogo wake alipopotea. Moyo ulimuuma, na hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake.

Mpunga kidogo walioupanda ulikuwa bado haujavunwa, habari zikaja. Shimo alimokuwa akichimba Edson lilikuwa limetitia. Wenzake wawili walifia chini. Yeye alitolewa akiwa hai, lakini mguu mmoja ulikuwa umepondeka. Madaktari waliukata chini ya goti.

Lusia hakupiga kelele. Alimwambia Ngusa kwa sauti ya chini, "Shemeji, maksai wangekuwepo, mume wangu angekuwa shambani."

 Lusia alisema kweli, na hakuna namna ya kuipamba kweli hiyo.

Kwa siku kadhaa Ngusa alishindwa kula. Limi ndiye aliyemwinua.

"Baba Hosiana, kujinyima chakula hakumsaidii Edson," alisema. "Hawezi tena kutembea nyuma ya plau. Tunataka kazi ya kulisha nyumba mbili, na kazi unayoijua ni udereva. Mimi nimekopa kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa. Tuuze na ng'ombe wetu wa maziwa. Tununue gari tena."

Ngusa alishtuka. "Tena? Baada ya haya yote?"

"Tena. Lakini safari hii tunakwenda wote, na Fundi Agnetha anatangulia."

Wakaenda Kahama. Gari la kwanza lilikuwa zuri kwa macho. Agnetha aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Asante," alimwambia mwenye gari. "Tunaondoka."

Gari la pili liliwaka vizuri, lakini mwenyewe alikataa lisipelekwe barabarani. "Zungukeni hapa hapa," alisema. Ngusa alitingisha kichwa, akageuka.

La tatu lilikuwa la mwalimu mmoja wa Ushetu, aliyekuwa anahamia mkoa mwingine. Rangi yake ilikuwa imepauka. Viti vilikuwa vimechanika. Hosiana asingelipenda. Lakini lilikuwa gari dogo la kawaida, la aina inayojaa Kahama nzima, na vipuri vyake viko kila duka.

Walifika asubuhi mapema. Injini ilikuwa ya baridi kabisa. Ikawaka, haikutoa moshi. Ngusa akalala chini kwenye matope na shati lake, akatafuta kutu na oili inayovuja. Vijana waliokuwa wakipita walimcheka. Ngusa aliwasikia vizuri, akaendelea kulala pale pale mpaka aliporidhika.

Kisha akaanza kuuliza, kama mnadani. "Mwalimu, kwa nini unaliuza? Umelitumia kazi gani? Liliwahi kugongwa? Lina ugonjwa gani?"

"Shokapu ya mbele imekufa, upande wa kulia," mwalimu alisema. "Mengine sijui, fundi wako atazame."

Walilipeleka kwenye barabara ya mashimo. Ngusa alishika breki kwa nguvu. Gari halikuvuta upande. Agnetha akatazama matairi. Yalikuwa yamelika sawasawa, dalili kwamba chini hapajapinda. Kadi ilikuwa na jina la mwalimu mwenyewe. Walihakikisha kwamba gari halina faini za barabarani wala deni la mtu. Mwalimu akapunguza bei kwa sababu ya shokapu. Wakaandikiana mbele ya mwanasheria, Limi na Agnetha wakiwa mashahidi, kisha wakashughulikia kubadilisha jina kwenye kadi bila kuchelewa.

Safari hii hawakumaliza fedha yote. Walibakiza ya shokapu, ya oili na ya bima.

Hakuna aliyepiga vigelegele gari lile lilipofika Didia. Watu walilitazama tu, wakaendelea na kazi zao. Lakini lilikwenda Kahama, likarudi. Kesho yake likaenda tena. Oili ilibadilishwa kwa wakati, na mlio mgeni ukisikika, Ngusa alikwenda kwa Agnetha siku hiyo hiyo. Abiria waliowahi kumtukana walianza kumpigia simu awapitie. Unga ukapatikana katika nyumba zote mbili. Lusia alianza kumjibu salamu, ingawa kwa kifupi.

Edson aliporuhusiwa hospitali, Ngusa alikwenda kumchukua. Alimsaidia kukaa kiti cha mbele, akaweka magongo nyuma. Edson alitazama viti vilivyochanika.

"Hili umelikagua?" aliuliza.

"Nimelikagua. Nililala chini kwenye matope. Watu wakanicheka."

"Afadhali walikucheka."

Ngusa alishika usukani, lakini hakuwasha gari. 

"Edson, maksai walikuwa wetu sote, nami niliwapoteza," alisema. "Mguu wako siwezi kuulipa. Gari hili mimi na Limi tumeliandikisha kwa jina lako. Ni lako. Mimi ni dereva wako. Kila jioni nitakuletea hesabu, na wewe utanipa posho yangu, kama tajiri anavyompa dereva wake."

 Edson alipapasa suruali yake pale ilipokunjwa na kufungwa kwa pini.

"Tajiri wa mguu mmoja," alisema.

Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa cha mtu mzima aliyekizuia tangu siku ile shimoni. Ngusa hakumnyamazisha. Alisubiri mpaka mdogo wake alipomaliza, ndipo akawasha gari, wakaanza safari ya kurudi Didia.