Mtetemo wa Kumwita Severin

Kisa kilianza na harufu ya ulimbo, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde wa fidla. Haya, niambieni, katika nyumba ile ya Vienna nani alikuwa wa kupiga fidla? Severin, mwenye nyumba, aliyekuwa akipiga fidla katika okestra, homa ya kipupwe ilikwishamtia kaburini. Walibaki mjane wake Walburga, mpiga piano, na wifi yake Notburga, dada wa marehemu. Basi.

"Wifi, umefungua sanduku la fidla?" Notburga aliuliza.

"Nilifungulie nini? Anipigie nani?"

Maskini Walburga! Konseto ni muziki wa kujibizana: piano ikisema, okestra inajibu. Yeye alikuwa akisema peke yake, na kila alipofika pa kujibiwa alinyamaza, mikono mapajani, akingoja. Upweke ule simwombei hata adui yangu.

Sasa, kuna mahali okestra nzima hunyamaza, mpiga piano akaachiwa uwanja abuni atakalo. Akisharidhika, hutetemesha vidole viwili kwa kasi juu ya sauti mbili jirani. Mtetemo huo ndio wito: wenzangu, rudini. Alasiri moja ya theluji, Walburga, kwa mazoea tu, akautetemesha katika chumba kitupu.

Fidla ikaingia.

Jikoni, Notburga aliangusha sufuria ya supu, akaja mbio.

"Ni yeye," Walburga alinong'ona, machozi yakimchuruzika. "Severin amerudi."

"Yesu na Maria! Kaka yangu alichelewa kuingia maisha yake yote, akikusikiliza wewe mpaka wenzake wampige kiwiko. Huyu hakuchelewa hata kidogo. Huyu ni jini, wifi!"

Akaitwa Padri Ambros. Alinyunyiza maji ya baraka mpaka uvunguni mwa piano. "Haji asipoitwa," alisema kwa sauti ya chini. "Piga upendavyo, mwanangu, ila usitetemeshe tena. Ukimwita, atakaa, na wewe hutatoka."

Notburga hakungoja zaidi. Alikodi gari la farasi wahamie mji wa Linz, kwa mama yake. Gari lilipofika, Walburga akasema, "Niache niage piano yangu," akajifungia chumbani kwa ufunguo.

Notburga akasimama nje ya mlango, shali mkononi, akasikia piano imefika pale pa kuachwa peke yake, ikaanza kuzunguka, ikipanda na kushuka, ikiukaribia ule mtetemo kisha ikiukwepa, ikiukaribia tena, na harufu ya ulimbo ikipenya chini ya mlango, nzito, hata akashindwa kuvumilia.

"Usimwite, wifi! Si yeye!"

"Najua si yeye," Walburga alijibu, na vidole havikusimama. "Lakini nikimwita, anakuja."

Akatetemesha. Fidla ikajibu. Notburga alisukuma mlango mpaka bega likafa ganzi. Muziki ulipokwisha, alimsikia Walburga akicheka, akinyamaza kama anayemsikiliza mtu, kisha akicheka tena.

"Wifi," alilia, "nifungulie, nakuomba."

Aliyejibu hakuwa Walburga. Ilikuwa sauti ya kaka yake, ileile, kwa upole wote:

"Nenda tu, dada. Huku tumetosha."