Milimita Nne za Kukisia

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Jogoo alikuwa amekwisha kufungua kompyuta ya chama cha hali ya hewa. Walimwita Jogoo kwa sababu hakuna aliyewahi kumtangulia shuleni. Aliandika jina lake na neno lake la siri, kisha akaenda kufagia darasa. Mwanachama aliyefuata kufika ndiye aliyesoma kipimamvua kilichokuwa nyuma ya maktaba, akamwaga maji, akarudi kuingiza namba.

Alhamisi aliyefuata ni Kijiti, msichana mwembamba wa darasa la sita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ikakatika alfajiri, na nyasi zilikuwa zimelowa. Kijiti alivitazama viatu vyake, alivyovisugua jana yake mpaka vikang'aa.

"Yalikuwa manyunyu tu," alijiambia. Akaandika milimita nne. Penye kisanduku cha jina hakuandika kitu. Aligundua zamani kwamba ukikiacha kitupu, programu inapokea vilevile.

Ijumaa halikuanguka hata tone, lakini kipimamvua kilikutwa na milimita thelathini na moja.

Mwalimu wa jiografia akawakusanya. "Maji haya ni ya jana. Mvua ilikatika kabla ya kengele na haijanyesha tena. Aliyeandika nne hakufika kwenye chombo. Na kompyuta inasema ni Jogoo."

"Mimi nilikuwa nafagia, mwalimu."

"Ufagio hauwezi kukutetea. Jumatatu kituo cha hali ya hewa kinampokea mwanafunzi mmoja, nami nilikuwa nimekuchagua wewe. Sasa ataenda Kijiti."

"Jogoo kanyeshewa," mtu alinong'ona nyuma, na wengine wakacheka. Jogoo aliinamisha kichwa, akawa anachezea kifungo cha shati.

Kijiti alikuwa ameitamani safari hiyo muhula mzima. Sasa ilikuwa yake, na hakuna aliyejua lolote. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ni mimi. Sikwenda kwenye kipimamvua. Niliogopa kulowesha viatu. Lakini sikuandika jina la Jogoo. Sikuandika jina lolote."

Mwalimu akamwita fundi wa kompyuta, aliyekuwa chumba cha pili akibadilisha kibodi. Fundi alisikiliza, akatabasamu.

"Binti yangu, hizo namba zenu hazikai humu. Zinakaa kwenye kompyuta kubwa ya ofisini. Programu hii ikipiga hodi kule, inaulizwa, nani wewe? Kama hujaandika jina, hainyamazi. Inataja jina la aliyefungua kompyuta asubuhi. Na kwa kuwa Jogoo amelihifadhi humu neno lake la siri, inafunguliwa mlango."

"Kumbe siku zote nilikuwa naingia kwa jina lake?"

"Siku zote. Hata ulipofanya vizuri, sifa zilikwenda kwake."

"Ndiyo maana nilichaguliwa," alisema Jogoo. Safari hii walicheka pamoja naye, na Kijiti pia.

Fundi alirekebisha programu ili isipokee tena kisanduku kitupu. Mwalimu akamgeukia Jogoo. "Nisamehe, mwanangu. Niliiamini kompyuta kabla ya kukusikiliza. Jumatatu utakwenda."

Kisha akamwambia Kijiti, "Wewe utasoma kipimamvua wiki nzima ijayo. Kazi usiyoiwekea jina lako, kosa lake humwangukia mwenzako. Lakini hili umelichukua mwenyewe, bila kulazimishwa, na umepoteza safari kwa ajili yake. Namba za mtu wa namna hiyo nitaziamini."

Jumatatu mvua ilinyesha tena. Kijiti alivua viatu, akavisukuma chini ya benchi, akapita kwenye nyasi pekupeku mpaka nyuma ya maktaba. Alichuchumaa, akasoma mara mbili. Ishirini na mbili. Alirudi akiacha alama za nyayo sakafuni, akaandika namba, kisha akaandika jina lake, herufi moja baada ya nyingine.