Hakuna Aliyemuuliza Msichana

Naqiya alitoka kwenye ukumbi wa sinema huko Etobicoke, Kanada, akiwa amefura. Alivaa gauni la zambarau, mtandio wa hariri na mabuti ya theluji, na kwenye foleni ya bisi kijana mmoja mrefu mwenye sweta ya kijani akafanya kosa la kumuuliza filamu ile ya Kihindi ilikuwaje.

"Upuuzi mtupu!" Naqiya alimwambia. "Shujaa kamfuata msichana wa watu kazini, kamfuata kwenye treni, kamwimbia mbele ya majirani. Hakuna aliyemuuliza msichana kama anataka! Mwishoni eti naye kapenda. Na hiyo Mumbai yao, kila mtu ana helikopta!"

Kijana akacheka. "Nimesoma Mumbai miaka minne. Tulilala wanne chumba kimoja, maji yanatoka alfajiri tu. Helikopta sikupanda."

"Basi kwa nini hawatuonyeshi hiyo?"

"Nani atakuja kutazama foleni ya ndoo?"

"Mimi!"

Huyo alikuwa Jalaludin, mfamasia, mzaliwa wa Tanga. Naqiya alikuwa mwalimu wa chekechea, mtoto wa Upanga, Dar es Salaam. Theluji ilipoyeyuka, haikupita siku bila kupigiana simu, wala filamu ya Kihindi bila wao wawili kuitazama na kugombana.

Halafu Jumapili moja Naqiya akarudi nyumbani akamkuta mama yake Jalaludin sebuleni, boksi la vitamu vya ladu li wazi mezani. Posa imeletwa, na wazazi wanatabasamu. Naqiya alijifungia chumbani, akapiga simu.

"Jalal, umemtuma mama yako kwetu?"

"Ndiyo, mpenzi! Nilitaka kukushtukiza. Si ndiyo desturi yetu?"

"Desturi ni mama aje nikishakubali! Uliniuliza lini? Baba keshakula ladu, mama keshaanza kutaja wageni, mimi ndiye wa mwisho kujua posa yangu mwenyewe!"

"Nilidhani unanipenda..."

"Nakupenda! Ndiyo maana inaniuma. Filamu tisa nimepiga kelele neno lile lile, kumbe wewe ulikuwa unakula bisi tu!"

Akakata simu.

Kesho yake mama yule alirudi, akaomba radhi, posa ikaondolewa. Jalaludin hakupiga tena. Hilo nalo lilimkera Naqiya kupita kiasi, maana hasira alikuwa nazo, wa kumkasirikia hakuwepo. Wiki ya tatu ukaja ujumbe: "Jumamosi, filamu mpya. Tiketi yako iko kaunta, ukitaka."

Alikwenda, akijidanganya kwamba anafuata filamu. Kabla taa hazijazimwa, Jalaludin alimgeukia.

"Naqiya, unataka kuolewa na mimi? Usijibu sasa. Nijibu wakati wa mapumziko."

"Huku Kanada hakuna mapumziko! Wanaonyesha neno 'Mapumziko' tu kwenye skrini, filamu inaendelea."

"Basi nijibu ukipenda."

Neno lilipotokea kwenye skrini, Naqiya aliinuka akatoka. Akasimama penye bisi, akijua atakuja mbio. Dakika tano zikapita, kumi, hakuja mtu. Damu ikamchemka. Akarudi gizani akikanyaga miguu ya watu.

"Mbona hukunifuata?"

"Filamu tisa," Jalaludin alisema, "zote umesema hupendi watu wa kufuata-fuata."

Watu wa nyuma wakawanyamazisha. Naqiya akaketi, akampokonya bisi.

"Mwambie mama arudi Jumapili," alinong'ona kwa ukali. "Na ladu ya kwanza nakula mimi."