Dungu Moja Lililobaki Bondeni

Mpunga unapokaribia kuiva, bonde la Rufiji hupata mji wake wa muda. Kila shamba huwa na dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi, kitanda cha fito na paa la makuti. Humo watu hukaa kuamia na kufukuza ndege mchana, na kusikilizia nguruwe na viboko usiku, wasije wakala jasho la mwaka mzima. Huitana kutoka dungu hadi dungu. Huombana chumvi. Hutaniana. Kisha mpunga huvunwa, hupurwa, hutiwa magunia, na mitumbwi huwavusha wote kurudi vijijini mwao.

Mwaka ule walivuka wote, isipokuwa Rukaiya.

Asubuhi moja jirani yake, Mwanawetu, alipita chini ya dungu lake, ungo kichwani. Alikuwa anavusha vyombo vyake vya mwisho.

"We Rukaiya! Waamia nini sasa? Mabua?"

"Naokota masazo, shoga yangu."

"Masazo ya nini? Ndege wenyewe wamehama kwa njaa!" Mwanawetu alicheka, kisha akapunguza sauti. "Mwenzangu, kama mumeo kakuacha, sema. Si wewe wa kwanza. Kule kijijini maneno yamejaa. Na mwanamume akizoea kupikiwa na mama yake, kumrudisha ni kazi. Labda keshapata mwingine."

"Waambie wanaosema waseme mpaka wachoke. Wakishachoka nitawajibu."

Mwanawetu alicheka tena. Lakini alipogeuka kuaga, alimwona Rukaiya akishuka ngazi kwa kuchechemea. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Mwanawetu alikwenda zake mtoni kwa haraka.

Rukaiya hakuwa ameachwa. Alikuwa amejificha.

Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Aliambiwa hivyo zahanati, baada ya kuhangaika muda mrefu na kiu isiyokwisha na uchovu wa mwili. Tangu hapo alimeza vidonge kila siku, na kila vilipokwisha, Mshamu mumewe alitafuta namna ya kununua vingine. Ndipo zikaja habari za mfuko wa afya ya jamii. Kaya inachangia mara moja kwa mwaka, na watu wake wanatibiwa kwa kadi. Mshamu alifurahi sana. Lakini mdogo wake, Saidy, aliyepata kufanya kazi Dar es Salaam, alitikisa kichwa.

"Kaka, bima haimchukui mtu aliyekwisha kuumwa," alisema. "Baba wa rafiki yangu alikataliwa hivihivi. Wakimwona shemeji ana sukari, watairudisha nyumba nzima."

Usiku ule Mshamu hakula. Rukaiya ndiye aliyetoa shauri. "Waandike watoto, uandikwe wewe na mama. Mimi nitakwenda kwenye dungu kama kila mwaka. Nani atauliza? Waandikishaji wakishapita, nitarudi."

Mshamu alikataa. Rukaiya alimsihi. Mwishowe mume alinyamaza, na mke akachukua ule unyamavu kuwa ruhusa.

Waandikishaji, hata hivyo, walichelewa. Mpunga uliiva, ukavunwa, ukavushwa, nao hawajafika. Kila Ijumaa baada ya swala Mshamu alivuka na unga na samaki wakavu. Rukaiya alikuwa na swali lilelile.

"Wamekuja?"

"Bado."

Basi Rukaiya alibaki na bonde tupu. Jioni alikaa juu ya dungu na kulitazama daraja la Ndundu kwa mbali. Upepo ulipoelekea kwake aliyasikia malori, na mabasi yanayokwenda Kibiti. Alikuwa akiyafuata kwa mawazo mpaka njiapanda ya kijiji chao, akashuka, akaingia uani. Hapo ndipo alipoumia. Nani anamsuka Hafsa nywele za shule? Bibi yake haoni vizuri, mistari itakuwa imepinda. Na Twalibu je, aliyekuwa halali mpaka amshike mama yake sikio, sasa anashika nini? Wakati mwingine Rukaiya alijishika sikio mwenyewe, akalifinya polepole, macho yake yakiwa ng'ambo.

Kidonda kilianza kama mchubuko. Alikanyaga bua lililokatwa, likamchoma unyayoni. Halikumuuma, na kwa kuwa halikumuuma, hakulijali. Kisha akaona usaha. Akatwanga majani, akapaka, na Mshamu alipokuja aliuficha mguu kwa kanga. Vidonge navyo vilikuwa vinakwisha. Badala ya kumweleza Mshamu, alianza kuvibana: leo ameza, kesho acha.

Siku moja baada ya Mwanawetu kuondoka, Rukaiya aliona mtumbwi ukija. Haikuwa Ijumaa. Mshamu alikuwa ameshika upondo. Mbele yake alikaa mwanamke, kijana, amejifunika mwavuli wa rangi ya machungwa.

Maneno ya Mwanawetu yalimrudia Rukaiya yote.

"Hodi!" aliita Mshamu chini ya dungu.

"Ndiye huyo?" Rukaiya aliuliza kutoka juu.

"Ndiye nani?"

"Huyo uliyemleta nimpishe. Usingemvusha maji yote haya, Baba Hafsa. Ungenitumia salamu tu."

Mgeni ndiye aliyecheka, mpaka mwavuli ukatikisika.

"Dada yangu, mimi nina wangu nyumbani, na kwa kelele zake ananitosha! Naitwa Yasmin. Ni mhudumu wa afya. Ndimi ninayepita nyumba kwa nyumba kuandikisha kaya kwenye mfuko."

Rukaiya alikuwa ameshuka ngazi mbili. Alisimama hapohapo. Kumbe mtu aliyemkimbia miezi yote amesimama chini ya dungu lake! Aliwaona Hafsa na Twalibu wakirudishwa zahanati bila dawa, kwa sababu yake. Akasema kwa haraka, kabla mumewe hajafungua kinywa:

"Mimi si wa nyumba ya huyu bwana. Tumeachana."

"Rukaiya!" Sauti ya Mshamu ilikatika. "Usilitamke neno hilo. Sijakuacha. Sikukuacha jana, na leo sikuachi. Dada Yasmin, huyu ni mke wangu. Ana sukari, na amejificha huku ili sisi tupate kadi. Kama kaya nzima itarudishwa, na irudishwe. Nimechoka kula peke yangu."

Rukaiya alishuka ngazi zilizobaki, akakaa kwenye ile ya chini, akajifunika uso kwa ushungi.

Yasmin alifunga mwavuli. Alichuchumaa mbele yake. "Nani aliwaambia kwamba mwenye sukari haandikwi?"

"Saidy, mdogo wangu," alijibu Mshamu. "Aliyasikia Dar."

"Alichosikia si uongo mtupu. Ila si habari ya mfuko huu," alisema Yasmin. "Ziko kampuni zinazouza bima kwa faida. Kila moja ina masharti yake. Nyingine huuliza una ugonjwa gani tangu zamani. Nyingine hukuandika, lakini hukwambia ungoje muda kabla hazijalipia ugonjwa uliokuja nao. Huko lazima uulize kabla ya kulipa, na useme kweli. Ukificha, siku wakigundua wanaweza kukataa kulipa, na mchango wako umekwenda. Mfuko wetu ni mwingine. Mimi naandika jina, umri, napiga picha. Simuulizi mtu anaumwa nini."

"Na mfuko hauli hasara?" aliuliza Rukaiya kutoka ndani ya ushungi. "Mwenye afya anatoa, mgonjwa anatumia. Watu watakubali?"

"Nyinyi huku mnalimiana kwa ujima, sivyo?"

"Ndiyo."

"Mnaanza na shamba gani?"

Rukaiya alifikiri. "Lililozidiwa na majani."

"Mwenye shamba hilo mnamfukuza kwenye ujima?"

"Ah, tumfukuze vipi? Yeye ndiye mwenye haja. Kesho majani yatakuwa kwangu."

"Basi umeshanijibu. Na sikiliza jambo moja zaidi. Kadi humhudumia yule tu aliyeandikwa. Mngewaandika wazima na kukuacha wewe, mngekuwa mmejaza ghala mkamfungia nje mwenye njaa."

Rukaiya alifunua uso. Mshamu alitazama chini. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu, kama mtoto aliyekosea.

"Sasa nionyeshe mguu," alisema Yasmin.

"Hauumi."

"Najua. Sukari ikikaa juu muda mrefu, miguu huweza kufa ganzi. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa." Alifungua kitambaa. Aliyaondoa majani kwa maji safi ya chupa, akafunika kidonda kwa kitambaa kikavu. "Usipake tena majani wala majivu. Na vidonge?"

Rukaiya aliuvuta ushungi mbele kidogo.

"Unavibana?"

"Kidogo."

"Mama Hafsa!" alisema Mshamu kwa uchungu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nirudi."

"Ningekwambia urudi, ndiyo!"

Yasmin alisimama. "Mtagombana mtumbwini. Leo hii tunakwenda zahanati. Kadi haianzi kazi siku ya kuandikishwa, ina muda wake wa kungoja. Lakini kidonda hakingoji kadi. Mara hii mtalipa wenyewe. Mkikawia, atapoteza mguu."

Walipokuwa wanavuka, Rukaiya aliuliza, "Mlijuaje habari ya mguu?"

Mshamu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwanawetu. Leo asubuhi dada Yasmin yuko barazani, anatupiga picha. Mwanawetu kaingia bila hodi. Kanitukana mbele ya mgeni! 'Mkeo anaoza mguu bondeni, nawe umekaa hapa kupigwa picha kama bwana harusi!' Dada Yasmin kasikia, kaacha picha, kataka tuvuke."

Rukaiya alicheka. Kisha akalia. Kisha akacheka tena, na mtumbwi ukafika ng'ambo.

Zahanati walimsafisha kidonda, wakampa rufaa kwenda kituo cha afya. Huko alikaa siku kadhaa. Mganga alimwambia kwamba angechelewa kidogo tu, vidole vingekatwa. Mshamu aliuza sehemu ya mpunga kulipia, wala hakulalamika.

Aliporudi nyumbani, Yasmin alikuja na simu yake kumalizia kaya. Bibi Mwanamina, mama yake Mshamu, alikwishapigwa picha, na Hafsa pia, mistari ya nywele imepinda kweli. Alimwandika Rukaiya, akampiga picha. Akabaki Twalibu, aliyekuwa amekataa siku ile. Na siku hii alikataa vilevile, mpaka amshike mama yake sikio. Kwa hiyo pembeni mwa picha ya Twalibu, ukitazama vizuri, mkono wake umekwenda nje, na huoni ulichoshika.

Muda wa kungoja ulipita, kadi ikaanza kazi. Rukaiya sasa huenda zahanati kila mwezi kupimwa. Dawa zinapokuwapo, huzipata kwa kadi. Si kila kitu kimo kwenye mfuko, na Yasmin hakuwaficha hilo. Lakini hakuna tena kidonge kinachobanwa. Kila jioni Rukaiya huitazama miguu yake, juu na chini, na pale asipoona mwenyewe, Hafsa humtazamia. Na Saidy, kila anapokutana na watu wanaozungumzia bima, huwauliza, "Bima ipi? Ulizeni masharti yake kwanza."

Msimu uliofuata Rukaiya alirudi bondeni. Safari hii alivaa mabuti ya mpira, na Mshamu alikuwa naye juu ya dungu. Waliamia ndege. Walivuna. Gunia la mwisho liliposhonwa, Rukaiya ndiye aliyetangulia kuingia mtumbwini, akaketi juu ya magunia, mabuti yake yakining'inia.

Walipopita kando ya shamba la jirani, alimwona Mwanawetu bado anahangaika na vyombo vyake juu ya dungu.

"We Mwanawetu!" aliita, na bonde lote likasikia. "Waamia nini sasa? Mabua?"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshageuza uso ng'ambo, ambako sikio lake lilikuwa likingojewa.