Taulo la Rafu ya Juu

Chupa ilikuwa imefungwa vilevile alivyoifunga, kifuniko kimekazwa, na ndani hamkuwa na hata tone.

Mpiga pasi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha la jikoni. Dakika kumi tu zilizopita alikuwa ameijaza mpaka shingoni. Mwalimu wa yoga alimwambia kwa simu anywe maji tangu asubuhi, asile saa mbili kabla ya darasa, aje na mkeka na taulo kubwa, kwa kuwa chumba hupashwa moto mpaka watu wakalowa chapachapa. Daktari naye alikwisha sema lake: mgongo huu usipolegezwa, mwisho wa mwaka hatasimama tena kwenye meza ya pasi. Na miaka kumi na minne hakujua kazi nyingine.

“Nani kanywa maji yangu?”

“Mimi na maji wapi na wapi?” mumewe alijibu kutoka kwenye kochi. “Mimi mtu wa chai, mama.”

“Usinitanie! Wiki nzima nanyoosha mashati ya watu. Nimepata saa moja ya kunyoosha mwili wangu, na hiyo nayo mnaidokoa!”

Mume akanywea. Kisha akanusa. “Kwani umewasha pasi? Mbona kunanuka pamba inaungua?”

Pasi ilikuwa kabatini, baridi.

Akajaza chupa tena kwa hasira, akaisimamisha kando ya mfuko, akapiga magoti kukunja mkeka. Nyuma yake akasikia mtu akipiga funda. Funda moja, kituo. Funda jingine, kituo. Akageuka upesi, na katika jua lile jeupe la saa nne hakukuwa na mtu, ila maji yalikuwa yakishuka ndani ya chupa iliyofungwa, yakishuka taratibu kama yanayonywewa na mwenye kiu ya siku nyingi asiyetaka kuonekana mlafi, na taulo lililokunjwa juu ya mfuko lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, kama kifua.

Alimpigia simu mfuaji, mwenzake wa dobini.

“Shoga, lile taulo la bluu la rafu ya juu unalijua?”

“La nguo zisizochukuliwa?” Sauti ya mfuaji ikashuka. “Usiniambie umelibeba.”

“Lina miaka sita pale. Mwenyewe haji.”

“Namba umeikata?”

Mpiga pasi akaligeuza taulo. Kitambaa cha namba kilikuwa bado kimeshonwa kwenye pindo. Kila mgeni wa kazi alimfundisha yeye mwenyewe: nguo ya rafu ya juu haivuki mlango na namba yake, maana ukivuka nayo umemwita mwenyewe, na wewe ndiye unayempelekea. Lakini jana bosi alimfokea mbele ya wateja, naye wakati wa kutoka akalichomoa taulo bila kuliangalia.

“Nililipokea mimi,” mfuaji alinong’ona. “Liliingia linachuruzika maji. Nikalishika, likakauka mikononi mwangu. Aliyelileta sikumwona miguu, shoga. Lirudishe sasa hivi. Muombe radhi kwa upole. Yoga iache.”

“Iache?” Hasira ikamchemka. “Bosi, acha. Mume, acha. Sasa na jini naye niache? Siachi!”

Akakata simu, akachukua mkasi, akakata uzi wa kile kitambaa cha namba kwa mpigo mmoja.

“Sasa ni langu,” alilikemea taulo. “Una kiu, kanywe mtoni. Toka!”

Harufu ikakatika. Chupa aliyoijaza mara ya tatu ikabaki imejaa. Mpiga pasi akacheka kwa dharau, akatupia mfuko begani, na njia nzima mgongo haukumuuma hata kidogo.

Chumba cha yoga kilikuwa moto kama mvuke wa pasi. Watu ishirini walitiririka jasho. Yeye, juu ya taulo lake, hakutoa hata unyevu wa kwapa.

“Inameni mpaka mnapoweza,” mwalimu alisema. “Msijilazimishe.”

Akainama. Vidole vikagusa sakafu. Viganja vikagusa. Akataka kuinuka, mgongo ukakataa. Ukaendelea kukunjika, laini, polepole, pingili moja baada ya nyingine, kama nguo inayokunjwa na mkono unaojua kazi yake, mpaka kichwa kikapita katikati ya magoti yake na kutokea upande wa pili.

“Ajabu!” Mwalimu akachuchumaa, uso umejaa furaha. “Dada, kweli hii ni mara yako ya kwanza?”

Alitaka kupiga kelele. Hasira ya miaka kumi na minne ikampanda yote kwa pamoja, ikafika kooni, ikakuta pana mwingine.

“Hapana,” sauti yenye kiu ilijibu kwa upole. “Si mara ya kwanza. Ila huyu ni mlaini kuliko wa kwanza.”